Mguu wa Breki

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu Karani,

Salamu nyingi, na tafadhali usijibu kwa simu. Kwenye simu unanihoji kama shahidi, na mimi nikihojiwa mtandao hukatika wenyewe.

Habari ni hii, na usianze kulia mpaka umalize ukurasa. Vali moja ya moyo wangu imekakamaa. Daktari wa moyo alinichorea nyuma ya bahasha: ni mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini, na wangu sasa unafunguka kidogo tu, kama kile kioo cha gari la baba kilichokuwa kikishuka nusu kinakwama. Ndiyo maana ngazi za ofisini zimekuwa zikinitoa jasho. Nilidhani ni uzee, kumbe uzee nao una majina ya kitaalamu.

Hawatanipasua kifua. Watatoboa kitundu kwenye kinena, upande wa kulia, wapitishe mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka moyoni. Vali mpya itasafiri imekunjwa ndani ya mrija huo, ikifika ifunguliwe juu ya ile ya zamani. Kazi ni ya saa moja na ushei. Nimewahi kumfundisha mtu kuegesha gari kinyumenyume kwa muda mrefu kuliko huo.

Sasa kuna jambo la kuchagua. Wanaweza kunilaza usingizi mzito, ule watu wanaouita nusu kaputi, mpira kooni na mashine inipumulie. Au wanichome ganzi hapo kwenye kinena tu, wanipe na dawa kidogo ya kunituliza, niwe nasinzia lakini nasikia na ninaweza kujibu. Hapa wagonjwa wengi hupewa huo usingizi mwepesi, na jioni wanakunywa chai. Nimeshamwambia daktari kwamba mimi ni wa mwepesi. Kuna skrini kubwa inayoonyesha mrija unavyopanda, nami nataka kuiona. Miaka arobaini na moja nimekaa kando ya watu wanaoendesha vibaya na sikufumba jicho. Sitaanza leo, wakati gari lenyewe ni mimi.

Tarehe ni 15 Aprili. Binti yangu, ambaye ni bintiyo pia, anashughulikia makaratasi. Gari la mafunzo nimelipumzisha wiki mbili tatu hivi, wanafunzi nao wapumzike na sauti yangu.

Usisafiri na goti lako hilo. Nitakuandikia.

Kakako,
Mwalimu Breki


Tarehe 9 Machi

Kaka Breki,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani, maana mwandiko wako nauelewa vizuri zaidi nisipoona maneno. Umeanza wima kama askari. Ulipofika kwenye "nimelipumzisha", herufi zote zimelala upande. Nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja nikiandika maneno ya watu, na njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa kaka yangu.

Mtu aliyefundisha akiwa na homa, aliyerudi kwenye gari siku ya nne baada ya kumzika mkewe, haweki gari uani wiki tatu kwa sababu ya ngazi. Kuna kitu kimetokea ndani ya gari hilo. Mficha maradhi kilio humuumbua. Niandikie mapema, kabla ya kilio.

Kuhusu usingizi, mimi si daktari, ila mgonjwa wao namfahamu. Wewe ndiye uliyemshika kinyozi mkono ukamwonyesha pa kupitisha mashine. Wewe kila ukisafiri huniandikia njia nzima, kona kwa kona, na makosa ya dereva mpaka mlangoni. Nakuona umelala pale, mtu wa watu anapitisha mrija ndani ya moyo wako, nawe unamwambia punguza mwendo, tazama kioo, wapishe walio kulia. Watakufukuza na kitundu chako kinenani.

Na huo mguu wa kulia, unaokanyaga breki hata pasipo na breki? Kigoda changu ulikivunja ukitazama mbio za magari kwenye televisheni. Bado kimefungwa waya. Waombe usingizi mzito, kaka, watu wafanye kazi yao.

Bintiyo simtaji, ana kazi ya kutosha kuwa bintiyo.

Mdogo wako,
Karani


Tarehe 17 Machi

Karani,

Umeshinda, kama kawaida yako.

Nilizimia. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama muuza vitambaa, somo lake la tano, tunateremka ile barabara ya posta. Nakumbuka nikimwambia ashuke gia ya pili. Nilipofumbua macho gari limesimama kando, indiketa inawaka, breki ya mkono imevutwa, naye ananipepea kwa daftari la mahudhurio. Alikuwa ameegesha sawa kabisa na ukingo. Nilitaka kumsifu, nikajikuta namwomba asimwambie mtu. Daktari wa moyo nilimwambia, maana yule huwezi kumficha, ana picha. Akasema mtu mwenye vali ya namna hii akishaanza kuzimia, asipotibiwa, huwa hazungumzii tena miaka mingi. Anazungumzia miwili, na wengine hawafiki.

Sasa hilo umelijua, sikiliza na la pili.

Juzi waliniita kwa majaribio. Nilale chali nusu saa bila kutikisika, muuguzi anatazama saa yake. Nikalala. Dakika za mwanzo nilikuwa mfano wa kuigwa. Kisha nje gari la wagonjwa likarudi nyuma, nikasikia tairi kwenye kokoto, na mguu ukakandamiza. Sikuutuma. Baadaye kitoroli kikapita kwenye ukumbi kinalia magurudumu, mguu tena. Mwishowe ulikandamiza mara tano, na shuka upande wa miguuni lilikuwa limechomoka kwenye godoro.

Aliyeingia kunieleza ni daktari wa usingizi, mwanamke wa makamo, mpole. Nikamtambua. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, Karani. Mara tatu nilikataa kumpeleka kwenye mtihani. Akiingia kwenye mzunguko wa barabara alikuwa anafumba macho. Siku moja nilikanyaga breki ya upande wangu tumebakiza kiganja kimoja tuingie kwenye duka la mikate.

Akaniambia kwa adabu: "Mwalimu, mrija utapita kwenye mguu huo huo. Vali ikiwa nusu imefunguka, ukikandamiza, tutalazimika kukulaza usingizi mzito hapo hapo, kwa haraka. Afadhali tuupange mapema." Nikasema wanifunge mguu. Akasema mguu ukifungwa kiuno ndicho kitakachoruka. Nikamuuliza atakayenitazama nikiwa nimelala ni nani. Akasema ni yeye.

Nikavaa viatu. Nimewaambia waniondoe kwenye orodha. Siwezi kumkabidhi usukani mtu anayefumba macho kwenye mzunguko, na mwenye akili zake atanielewa. Bintiyo amenuna. Naomba wewe usinune.

Kakako,
Breki


Tarehe 22 Machi

Kaka,

Nimenuna.

Hiyo ni hoja ya mtu aliyetafuta sababu akaokota ya kwanza aliyoikuta mlangoni. Huyo mama alikuwa msichana wakati unamfundisha, na wewe wakati ule ulikuwa na nywele. Ungeletewa daktari wa usingizi anayeendesha kama malaika, ungesema ana mikono mikubwa.

Umechagua kufa ndani ya miaka miwili ili usilale saa mbili. Nimeiandika sentensi hiyo taratibu ili mwandiko wangu usitetemeke, na umetetemeka.

Sitakushawishi tena. Nataka sababu moja tu, ile ya kweli. Nitangoja.

Karani


Tarehe 31 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu zimewashia jiko.

Unaikumbuka ajali ya darajani, mwaka ule bintiyo alipokuwa shule ya bweni. Tulikuwa tunatoka kumtembelea kwa gari letu la nyumbani, mke wangu anaendesha. Nilikwambia wewe, nikawaambia polisi, nikawaambia wote waliokuja hospitalini kumpa pole kwa mguu uliovunjika mahali pawili: niliona maji barabarani, nikamwambia apunguze, akachelewa, gari likateleza likapiga ukingo wa daraja.

Sikuona maji. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nimelala.

Nilikuwa nimefundisha siku sita mfululizo na mvua ilikuwa inanyesha ile ya polepole. Nikasinzia, kwa mara ya kwanza maishani, ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Nilipoamka gari lilikuwa limeshageuka na mwenzangu anaita jina langu.

Polisi aliponiuliza, nilikuwa nimevaa lile shati lenye jina la shule yetu ya udereva kifuani. Mwalimu wa udereva alale, mkewe apate ajali? Uongo ulitoka kabla sijaufikiria. Na yeye alikuwa kwenye machela, hatua tatu kutoka niliposimama, anasikia. Hakunikanusha. Hakunikanusha siku ile wala siku nyingine yoyote. Watu wakasema angemsikiliza mumewe, nami nikawaacha waseme, miaka kumi na miwili, mpaka tukamzika.

Hiyo ndiyo sababu, Karani. Yule daktari huenda ni bingwa, sina ubishi. Lakini mimi nililala mara moja tu, na uliona yaliyotokea. Naogopa. Nikilegea naona kuna mtu ataumia, hata kama safari hii mtu mwenyewe ni mimi. Najua haina akili. Mguu nao hauna akili, na ndio unaonitawala.

Sasa unaye kaka mwongo. Fanya naye unavyoona inafaa.

Kakako


Tarehe 5 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Nilijua.

Wifi yangu aliniambia mwaka wa pili baada ya ajali. Tulikuwa kwangu tunakunja mashuka, yeye ameshika ncha zake na mimi zangu. Nitakuandikia maneno yake kama nilivyokuwa naandika ya mashahidi, bila kuongeza. Alisema: "Alilala, wifi. Tulipita vituo vitatu vya mafuta amelala, anakoroma, mguu umelegea. Miaka yote ya ndoa yetu, ndiyo mara ya kwanza aliniamini barabarani. Sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile, kwa kuogopa kumwamsha. Halafu yale maji."

Sitakuficha, uongo wako ulimuuma. Ulimuuma kuliko mguu. Watu kumwona dereva mbaya hakujali sana, alisema watu wana midomo na midomo haina kazi nyingine. Lililomuuma ni kwamba alikulaza yeye, na wewe ukasema hukulala. Ile saa alikuwa anaiona yake. Ukampokonya mbele ya polisi.

Kisha unakumbuka alipopona aliendesha tena? Miezi minne. Wewe kando, macho wazi, unakandamiza sakafu kila kona. Siku moja alipokuwa anafagia gari akakuta zulia la upande wa abiria limetoboka mpaka kwenye bati. Alilitazama tundu lile, akaingia ndani, akatundika funguo kwenye msumari, basi. Wewe ulituambia haendeshi kwa sababu mguu unamsumbua. Ni kweli ulimsumbua mguu, ila ulikuwa wako.

Aliniapisha nisikwambie mpaka useme mwenyewe. Sasa umesema, na mimi nimetua mzigo ambao sikuwa na pa kuuweka. Nilipokuandikia habari za kinyozi na kigoda nilikuwa najificha nyuma ya mzaha. Nilijua kwa nini utakataa usingizi mzito, nikajifanya sijui. Unisamehe kwa hilo, nami nitajitahidi kukusamehe lako. Nusu yake nilikwisha kukusamehe zamani, nusu iliyobaki nataka uje uidai mwenyewe ukiwa mzima.

Jambo moja la mwisho. Maji yalikuwapo barabarani, ukiwa macho au umelala. Gari la nyumbani halikuwa na breki upande wako. Ungefanya nini ungekuwa macho, kaka? Ungepiga kelele. Hujamuumiza mtu kwa kulala. Ulimuumiza kwa kukana.

Mwandikie yule daktari. Usimuulize habari za mzunguko. Muulize atakuwa amekaa wapi wakati umelala.

Mdogo wako anayekupenda, na sirudii neno hilo kwenye simu,
Karani


Tarehe 10 Aprili

Mwalimu,

Barua yako niliikuta mapokezi. Wagonjwa hawaniandikii, wengi wao hawanikumbuki hata sura, kwa hiyo nimeisoma nikiwa nimesimama.

Kwanza, jina lako sikulifuta kwenye orodha. Niliandika "bado anafikiria". Ulinifundisha kwamba mtu akikosa njia kwenye mzunguko hajapotea, azunguke tena.

Umeuliza nitakaa wapi. Nitakaa kichwani pako. Kuna kiti kidogo pale, na mbele yake mashine zinazoonyesha pumzi yako, shinikizo la damu na mapigo. Wenzangu watakuwa upande wa mguu na kwenye skrini, wanatazama vali. Mimi sitatazama vali. Kazi yangu siku hiyo ni wewe peke yako, na sina ruhusa ya kuondoka kwenye kiti mpaka uwe unapumua mwenyewe na umenijibu ninapokuita.

Utakapokuwa umelala, kabla vali haijafunguliwa, tutaukimbiza moyo kwa sekunde chache ili usisukume damu, vali ipate kukaa pasipo kuyumbishwa. Aliye kwenye usingizi mwepesi hulihisi hilo, na ndipo wengine hushtuka. Kwa mguu wako, ningependa usiwepo hapo.

Sitakuahidi kwamba hakuna hatari. Usingizi mzito una zake: shinikizo linaweza kushuka, mapafu ya mtu wa umri wako huchelewa kuchangamka, na koo litauma. Usingizi mwepesi una zake pia, na kwa wagonjwa wengi ndio ninaouchagua. Kwako wewe siuchagui. Ukiamua kuukataa mzito nitakuheshimu na tutafanya tunaloweza. Lakini umeniuliza ningemchagulia nini baba yangu, na huo ndio ningemchagulia.

Mizunguko bado siipendi. Huwa napita njia ndefu kuikwepa. Macho, hata hivyo, sifumbi tena.

Mwanafunzi wako,
Daktari wa usingizi


Tarehe 14 Aprili, wodini, mchana

Karani,

Nimekubali usingizi mzito. Nimeweka sahihi, na mkono haukutetemeka, kagua.

Chumba kina vitanda vinne na dirisha linalotazama maegesho. Tangu asubuhi nimeona madereva sita wakitoka bila kutazama nyuma, nikaomba wanihamishie kitanda cha ukutani.

Jana nilimwambia bintiyo habari ya darajani. Nilitaka ajue kutoka kwangu, iwapo kesho sitaamka. Alichukua kikombe kilichokuwa safi akakiosha, akakifuta, akakiosha tena. Kisha akauliza kesho nivae soksi zipi. Leo asubuhi amekuja mapema kuliko muuguzi. Sijui nisome nini hapo, wewe ndiye msomaji wa watu.

Zile karatasi tatu nilizochoma, zote zilikuwa zinaanza kwa kumwomba mke wangu radhi. Nilikosa anwani ya kuzipeleka. Nisipoamka nitampelekea kwa mkono. Nikiamka, nitakuja kwako na unielekeze, maana maneno yake ya mwisho juu yangu umeyatunza wewe.

Bado naogopa. Ila nimegundua kuogopa na kukubali vinaweza kukaa kitanda kimoja.

Kakako


Tarehe 24 Aprili, nyumbani

Mdogo wangu,

Bintiyo alikupigia siku ile ile, najua, na najua ulilia hadi jirani yako akaja kugonga. Kwa hiyo nitakupa yale asiyoyajua.

Waliponiingiza chumba cha upasuaji kulikuwa na baridi na watu wengi kuliko nilivyotarajia, wote wamefunika nyuso. Yule mwanafunzi wangu nilimtambua kwa macho. Alikaa kwenye kiti chake, nyuma ya kichwa changu, nikawa simwoni tena ila namsikia. Akaniambia dawa inaanza kuingia mkononi. Mguu ukaanza, kama ulivyojua utaanza. Nilihisi kisigino kinakandamiza meza na nikaona aibu.

Hakunikemea. Alisema, "Mwalimu, niachie mimi." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea. Nikafikiria vile vituo vitatu vya mafuta. Nikamfikiria mtu aliyevipita vyote taratibu ili nisiamke, na kwamba nilipita pale bila kuviona na ndivyo alivyotaka. Nikauacha mguu. Nilihisi ukilegea kuanzia kwenye goti. Hapo ndipo kumbukumbu inapoishia.

Niliamshwa kwa jina. Koo lilikuwa kama nimemeza mchanga. Alikuwa pale pale, kiti kile kile, ananitazama usoni. Nikamuuliza kama niliutikisa mguu. Akasema haukutikisika hata kidole. Nikamuuliza kama aliyeendesha mrija aliendesha vizuri, akacheka, akamwita muuguzi aje anisikie.

Vali inafanya kazi. Ngazi za nyumbani nimezipanda juzi, polepole, nikafika juu na pumzi yangu yote. Nimekaa kwenye ngazi ya mwisho nikalia kidogo, bila sababu ambayo naweza kukueleza. Gari la mafunzo nimelikabidhi kwa yule kijana mwenzangu wa ofisini. Yule mama muuza vitambaa amefaulu mtihani, nami nimemwandikia barua ya pongezi, ya kwanza kuandika katika kazi hii.

Bintiyo alinichukua hospitali kwa gari letu la nyumbani, lile lile. Zulia la upande wa abiria hakulibadilisha, tundu lipo. Alifunga mkanda wangu mwenyewe kama anayemfunga mtoto, akasema, "Baba, ukitaka kufumba macho fumba. Mimi naendesha kama mama." Niliweka miguu yote miwili, na kandambili zangu, juu ya tundu.

Najua unasubiri nikuandikie njia, kona kwa kona, na makosa ya dereva. Nimejaribu. Nakumbuka lango la hospitali, na nakumbuka bintiyo akinigusa bega tumeshafika mlangoni kwetu, injini imezimwa.

Njia tuliyopita siijui.

Kakako